Tuliiita Unga

Siku ile naikumbuka mpaka leo, wanangu, na kila nikiisimulia mwili unanisisimka. Nimesikia kikundi chenu kinaanza kutengeneza sabuni wiki hii. Ni vizuri sana, mikono ya vijana isikae bure. Ila kaeni kidogo mnisikilize, sabuni haitakimbia.

Nilikuwa msichana hapa hapa Ngungu, katika kikundi cha vijana cha parokia. Mwalimu wetu wa sabuni alikuwa Mama Kahindo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyeuza mafuta ya mawese ya Walikale. Alikuwa mkali, lakini ujuzi wake hakumficha mtu. Kuhusu soda kali, ile dawa ya sabuni inayounguza ngozi, alitufundisha jambo moja kila mara: maji kwanza kwenye beseni, kisha soda iingie polepole. Tuliyakariri maneno hayo na kumjibu kwa pamoja kama katekisimu.

Lakini vijana mna midomo, na sisi tulikuwa nayo. Soda ile ilikuwa nyeupe, basi tukaanza kuiita unga. Lete unga, funika unga, unga umekwisha. Mama Kahindo alitukataza, tukacheka chini chini, tukaona ni kelele za watu wazima tu.

Siku hiyo alitoka nje kupokea mafuta. Rafiki yangu Bahati hakutaka kumngoja. Soda ilikuwa tayari ndani ya beseni, kavu, bila maji, nami nimeinama nimelishika lisiteleze. Bahati akafanya kama alivyofanya kila asubuhi kwao akikoroga uji: akaumwagia unga maji.

Beseni lilinguruma. Maji ya kijito, wanangu, maji baridi kabisa, yalichemka palepale yakanirukia usoni. Nilishangaa kabla sijaumia, nikadhani kuna mtu amenipiga kofi. Kisha maumivu yakaja, na sikuona kitu tena.

Nilimsikia Bahati akikimbia kunijia na kidumu cha maji, na wenzetu wakimzuia.

"Usimumwangie maji! Hauone maji njo inachemusha? Utamupika!"

Walikuwa wameona kwa macho yao maji yakigeuka moto, kwa hiyo waliyaogopa. Mwingine akasema nipakwe mawese. Wote walinipenda, sina shaka na hilo. Nami nimeketi chini, macho yanaliwa, nasikia maji yakicheza ndani ya kidumu karibu na sikio langu, na hakuna anayethubutu kuyamimina. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko wakati wa kuungua.

Mama Kahindo aliingia. Alikipokonya kile kidumu, akanifungua kope kwa vidole vyake, akamimina, huku akiwatuma wengine mbio kijitoni kuleta mengine. Nililia kama ninayeuawa. Hakuacha, alimimina muda mrefu sana, ndipo wakanibeba mpaka kituo cha afya.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto mnaliona wenyewe, msione haya kulitazama.

Mama Kahindo alipokuja kunijulia hali, alimkuta Bahati kando ya kitanda changu akilia, akisema haelewi alisahauje somo alilolijua vile. Nilikaza moyo nikingoja amkaripie. Badala yake alikaa, akamshika mkono.

"Haukusahau, mutoto wangu," akamwambia. "Kichwa yako ilikumbuka soda. Mukono yako njo ilisikia unga."

Basi nasaha yangu ni hiyo, wanangu. Kitu cha hatari kiiteni kwa jina lake, hata likiwa refu na wenzenu wakiwacheka, kwa sababu mkono hufuata jina mlilolizoea. Mwalimu akitoka, ngojeni arudi. Na kabla hamjagusa chochote, mwambieni awafundishe pia la kufanya mambo yakiharibika, mlifanye kwa mikono yenu mpaka mlizoee. Soda ikimrukia mwenzenu, ni maji, maji mengi, kwa kuwa mengi huiosha na kuipoza, hata kama mnatetemeka, hata kama analia akiwaomba muache.

Sasa nendeni. Mungu aibariki mikono yenu, sabuni yenu itoe povu jingi, na jioni kila mmoja arudi kwa mama yake na macho yake yote mawili.