Pasi Fupi Mbele ya Mgeni wa Heshima

Kocha wetu alikuwa karani katika kiwanda cha mbao tulichofanyia kazi sote hapa Eldoret, mtu wa kutoka Mkoa wa Magharibi, mpole kupita kiasi. Lakini kwenye habari za mpira alikuwa mkaidi kama punda. Kubutua hakukutaka kabisa. Ukipiga mpira mrefu mazoezini, ulitolewa nje ukakae na mashabiki wakucheke.

"Mpira ni wetu, tukae nao," alikuwa akituambia. "Huyo hana mpira atafanya nini? Si atakimbia tu achoke! Na msiuachilie mpaka refa apige filimbi."

Mashabiki walimtukana. Walitaka magoli, sisi tukawapa pasi. Mimi nilicheza kiungo, na nasema bila haya kwamba sijapata tena furaha kama ile.

Kisha ikaja mechi ya sikukuu ya taifa, na mgeni wa heshima alikuwa kigogo wa chama. Enzi zile za chama kimoja, wageni wa aina hiyo lazima wangechelewa, na wakiingia kila kitu kilisimama, hata mechi. Huyu alifika kipindi cha pili. Mashabiki wakainuka. Wapinzani wakasimama wima, mikono ubavuni. Refa naye akakauka hapo hapo, akasahau kupuliza filimbi.

Sisi tukaendelea. Filimbi si haikulia? Beki akanipa, nikampa winga, winga akanirudishia, tukipita katikati ya watu waliosimama kama milingoti. Uwanja ulikuwa kimya hata nikasikia kila mguu ukigusa mpira. Usingizini bado nausikia. Nilimtazama kocha. Alikuwa ameupa mgongo mlango wa uwanja, anatabasamu. Nyuma yake mgeni alisimama kando ya gari lake, akitungoja tumalize. Mpaka leo sijui kama kocha alikuwa amemwona.

Jumatatu wanaume wawili wenye makoti walikuja kumchukua ofisini. Mke wake alizunguka vituo vya polisi, na kila alikokwenda aliambiwa hawamjui. Kiwandani hatukuuliza kitu. Tuliogopa, basi.

Aliporudi, miezi ilikuwa imepita. Alikuwa amekonda, na hakusema alikokuwa. Tulimbembeleza mpaka akakubali kuja mazoezini. Tukasimama kwa duara tukapasiana polepole, pasi zake zilezile fupi, tukitaka aone kwamba hatujasahau. Halafu nikamsogezea mpira miguuni.

"Kocha, ni wako."

Aliutazama kwa muda. Akageuka akatazama barabarani, kisha akaubutua kwa nguvu zake zote. Ukapita juu ya vichwa vyetu, ukavuka ua, ukapotea. Hakuna aliyekwenda kuufuata.

"Sasa hatuna mpira," akasema, akihema. Nilimwona amefarijika, na hilo ndilo lililonitisha. "Hakuna mtu atatuuliza kitu."