Ipime Ikiwa Kazini

Weka kwanza hiyo bisibisi, mwanangu, unisikilize. Najua unataka kuisukuma hiyo mashini ikimbie, na sikukatazi. Nataka tu nikueleze asubuhi moja ambayo bado naiona mbele yangu, siku Mama Safi alipotufikia hapa Masisi akitoka Walikale kwa pikipiki, matope mpaka magotini, amekumbatia ordinateri, kompyuta ya kwaya yao, iliyofungwa ndani ya kitenge.

Wakati huo nilikuwa msichana, nikijifunza ufundi kwa Papa Shamavu pamoja na kaka Bahati, aliyenitangulia kazini. Bahati alikuwa na mikono myepesi na moyo mwema. Haraka tu ndiyo ilikuwa ugonjwa wake.

Mume wa Mama Safi, aliyekuwa akiiongoza kwaya, alikuwa amefariki, na familia ilijiandaa kutoa matanga. Unajua siku hiyo kwetu ilivyo: watu wanakula, wanaimba, mjane anavua nguo za kilio. Mama alitaka kitu kimoja, sauti ya mumewe isikike siku hiyo. Ilikuwa ndani ya mashini ile, imerekodiwa vipande vipande, na nakala nyingine haikuwepo popote. Lakini mashini ilikuwa nzito ajabu kufanya kazi! Kila ikianza kuunganisha wimbo, inaganda. Na mwenye pikipiki alikuwa amemwambia wanarudi mchana.

“Usihangaike, mama,” Bahati akamwambia. “Nitaisukuma prosesa ikimbie kuliko vile walivyoitengeneza. Mchana uko na wimbo yako.”

Mama akapiga makofi. Mimi nami nilifurahi, nikamwona Bahati fundi wa mafundi. Akaongeza mwendo, akaongeza na umeme wa prosesa, mashini ikawaka vizuri. Hapo ndipo Papa Shamavu alipoingia kutoka uani.

“Umepima?”

“Papa, iko muzuri,” akasema, akionyesha kioo cha mashini. “Ona kwa ekra, volti kumi na mbili kabisa.”

“Sikuuliza ekra inasema nini.”

Akanipa multimetri, kipima umeme chetu. Nikazungusha swichi yake kwenye volti za umeme kama wa betri, nikagusisha waya wake mweusi kwa waya mweusi wa mashini, kisha nikashika ncha nyekundu kwenye waya wa manjano, pale umeme unapoingia karte-mère, ile sahani ya ndani inayobeba vyote. Nayo ikasema kumi na mbili. Bahati akanichekea.

“Si njo vile nilisema!”

Papa hakucheka, akatoa mfano wa chukudu, mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. “Iko kumi na mbili sababu imelala. Mutu wa chukudu anajaribu freni ikiwa haina hata kiazi kimoja juu, kisha anashuka nayo mulima wa Sake? Ipe kazi!”

Bahati akaanzisha kuunganisha wimbo. Ekra iliendelea kusema kumi na mbili, haikutikisika. Lakini mbele ya macho yangu namba za multimetri zilishuka: kumi na moja na nusu, kumi na moja, na bado zinashuka. Lo! Niliogopa, mwanangu, mkono ulitaka kuteleza, na ukiteleza pale unaunguza kila kitu. Diski yenye sauti ya marehemu ilikuwa inakula umeme huohuo, na umeme ukianguka hivyo diski inaweza kufa.

“Simamisha! Zima!” Papa akasema.

Nilidhani atamfokea Bahati kwa kugusa mwendo wa prosesa. Hapana. Alimvuta pembeni, akasema taratibu tu, “Kusukuma mashini si kosa. Kosa iko moja. Umemwahidia mama mbele ya kupima. Sasa nenda umwambie weye mwenyewe.”

Tukarudisha mwendo wa zamani. Tukatoa kile kisanduku kinachogawa umeme, maana kilikuwa kimechoka, tukafunga kingine kutoka mashini nyingine. Tukanakili diski kabla ya kugusa wimbo. Kisha nikapima tena, wimbo ukiwa unaunganishwa: kumi na mbili, imetulia. Lakini mchana ulikuwa umepita, na pikipiki imeondoka.

Bahati alimwendea mama, macho chini. “Unisamehe, mama. Itaenda polepole.”

Mama Safi akamshangaa. “Nani alikuambia miye niko mbio? Pikipiki zitakuja kesho. Bwana yangu alikuwa mumoja tu.”

Jua lilikuwa linateremka wimbo ulipokamilika. Kabla ya kuimba, mumewe alikohoa. Bahati akanyoosha mkono akifute kile kikohozi, mama akamshika mkono, huku anacheka na machozi yanamtoka. “Acha! Acha hivyo hivyo. Njo yeye huyo!”

Kwa hiyo, mwanangu, isukume hiyo mashini, mimi sina ugomvi na mwendo. Ila kwanza nakala. Kisha waya mweusi mahali pake, mkono wako umetulia, na upime mashini ikiwa inafanya kazi ngumu kabisa. Ekra ikisema moja na multimetri ikasema lingine, punguza mwendo, tafuta sababu. Na kabla hujapima, usimwahidi mtu kitu, kwa sababu anayekuletea mashini hujui amebeba nini ndani.

Mungu akupe mkono usioteleza, mwanangu, na wanaokukabidhi vitu vyao waondoke kwako wakicheka. Haya, chukua bisibisi yako.