Majoho Yaliyotoka Bila Muhuri

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi wa majoho ya kwaya pale Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Mimi nilikata vitambaa na kushughulika na wateja. Kitambaa kilitoka ng'ambo kupitia Mombasa, na kabla hatujakitoa forodhani Busia tulilipa kodi ya VAT. Wakala wetu wa forodha alitueleza kwamba tukiyauza majoho Kenya tunaweza kuidai kodi hiyo irudishwe, mradi tuonyeshe kwamba mzigo ulitoka nchini. Basi dada akakopa kwenye kikundi chake cha akina mama, akitegemea kwamba marejesho hayo ndiyo yatakayolipa mkopo.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mwalimu wa kwaya wa upande wa Kenya. Pasaka ilipokaribia alikuja mwenyewe na pikapu.

"Msijisumbue, mama," alimwambia dada. "Nitavuka nayo mwenyewe."

Alilipa yote, tukamshukuru, tukampungia mkono.

Tukapeleka madai ya marejesho, miezi ikapita. Ofisi ya kodi ikatuita, tukaenda tumevaa nguo za kanisani. Ofisa, kijana mpole, aliitazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Mama, haya majoho yalipita mpaka gani?"

"Busia."

"Mbona hapa hayaonekani?"

Dada akatoa simu, akamwonyesha picha ya kwaya imesimama madhabahuni. "Wameyavaa, mwanangu. Ona."

"Naona, mama. Lakini picha haina muhuri wa forodha. Kwetu sisi, haya yaliuzwa hapa hapa Tororo."

Nilitoka nje nikampigia mwalimu wa kwaya. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Foleni ilikuwa ndefu siku ile, alisema, akapita njia ya panya kama wanavyopita wengine. Hakujua kwamba sisi tungeulizwa.

Hatukurudishiwa kitu. Mbaya zaidi, tukaambiwa tulipe kodi ya mauzo yale, kwa kuwa yamehesabiwa ni ya ndani. Akina mama wa kikundi walivumilia, kisha wakaja na gari wakachukua vyerehani. Mmoja wao alilia akibeba. Dada alimsaidia kushika upande wa pili.

Dada alirudi kijijini Petta, kwenye shamba la marehemu mama, akalima mihogo. Hakulalamika, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Kabla ya mavuno presha ikamwangusha mtaroni. Majirani walimkuta jua limeshapanda. Yuko hai, lakini mkono wa kulia hauinuki, na maneno yanamtoka kwa shida.

Mimi nashona sare za shule kwenye duka la mtu, Busia. Jumapili nakwenda kumwogesha na kumsuka nywele. Wiki iliyopita aliniuliza, neno moja moja, kama tajiri wangu ananilipa.

"Ananilipa, dada."

"Kwa wakati?"

Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Akageuza uso ukutani, nami nikaendelea kusuka.