Bati la Don Hermilo

Zenaida Cuatlapantzi alisomea uchoraji Jiji la Meksiko. Akachora picha za turubai kubwa kuliko milango, zikatundikwa kwenye kumbi ambako watu huzitazama huku wameshika glasi za mvinyo. Baada ya miaka kumi na miwili alirudi kwetu, chini ya mlima Malinche, akaanza kuchora kwenye vipande vya bati vyenye ukubwa wa sahani. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Kule walisifu rangi. Hapa wanapiga magoti."

Ndizo picha za shukrani. Ukinusurika balaa, unamsimulia Zenaida, anachora mkasa, anaandika shukrani zako chini, nawe unakwenda kuzisoma kanisani na kulitundika bati ukutani. Likishatundikwa haliondolewi. Ana masharti mawili: hachori uongo, na Bikira Maria humchora mwisho, peke yake, mlango umefungwa.

Agosti iliyopita, siku ya kuachia mafahali mitaani, fahali mmoja aliruka kizuizi akaingia kwa Don Hermilo, mwoka mikate. Hermilo akajitosa ndani ya tanuri lililopoa, miguu ikabaki nje. Mkewe, Doña Eufrosina, ndiye aliyemchapa fahali puani kwa ufagio mpaka akageuka. Mtaa mzima uliona. Kufika jioni, kwa masimulizi yake mwenyewe, Hermilo alikuwa amemshika fahali pembe zote mbili kwa msaada wa Bikira.

"Nichore hivyo hivyo, fundi," alimwambia Zenaida. "Na kifua kionekane."

"Kifua kipi? Hicho kilichokuwa tanurini?"

"Wewe chora, bwana!"

Kesho yake nilimkuta Eufrosina kwa Zenaida, kaleta tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake.

"Sitaki aaibike, mwanangu," alimwambia Zenaida. "Lakini miaka thelathini na mmoja namkandia unga, sijasikia asante. Safari hii nilidhani nitaisikia." Akafuta macho kwa aproni, kisha kicheko kikamtoka. "Ile miguu, lakini!"

Zenaida alikula tamale mbili, kisha akachukua brashi.

Alimchora Hermilo amesimama, kifua mbele, fahali kampa mgongo. Na kweli alisimama hivyo, fahali alipokwisha kugeuka.

"Mbona nina masizi kichwani?" aliuliza Hermilo.

"Vita, Don Hermilo."

Akaridhika. Zenaida akafunga mlango.

Jumapili Hermilo alilitundika bati mbele ya kanisa zima, akaondoa kitambaa ambacho Zenaida alilifunika nacho. Juu mawinguni, Bikira alikuwa na baka jeusi kidevuni, lile lile la Eufrosina, na chini ya joho lake la buluu ulichungulia ufagio. Watu wakaanza kukohoa kwa pamoja. Sijawahi kusikia mafua ya ghafla namna ile.

Hermilo alilitazama bati. Akautazama mlango. Mwishowe akasoma:

"Mimi, Hermilo, namshukuru aliyeniokoa."

"Sijasikia," alisema Eufrosina kutoka benchi la mbele. "Soma tena, baba."

Akageuka, akamtazama mkewe, akasoma tena.