Nilivyouza karakana yangu Tarime nikajenga nyumba ya tegesha Nyakunguru

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mlionitangulia kuzaliwa shikamooni, mliobaki mambo zenu.

Mimi kuandika siyo kazi yangu. Shule yangu iliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nakaa benchi la nyuma. Lakini kila nikipita humu nakuta vijana wanaulizana "fursa ziko wapi kanda ya ziwa", halafu mtu aliyekaa zake Dar anajibu "nenda Tarime, kule ni dhahabu tu". Damu inanichemka.

Mimi nakaa hukohuko. Haya nimeyaishi kwa mwili wangu, na majina nayataja. Wahusika wakisoma wanajua pa kunipata. Waje karibu na stendi ya Tarime waulize fundi Baba Ghati, watanikuta nimeshika randa. Mwenye ubishi abishe nikiwa naye uso kwa uso.

Twende.

Mimi ni seremala. Milango, madirisha, vitanda. Nilikuwa na karakana yangu hapo mjini, kibanda cha mabati kando ya barabara, na ndani randa ya umeme niliyoinunua kwa kujinyima sana. Mke wangu, Mama Ghati, alikuwa anauza uji na chapati stendi, asubuhi magari ya Mwanza yanapopakia.

Tulikuwa maskini wa kawaida. Yaani yule maskini anayekula na kulipa kodi ya chumba, ila mtoto akiugua nyumba nzima inatetemeka. Wengi hapa mjini ndiyo tulivyo. Ajira hakuna. Mgodi upo, magari yake unayaona yanapita, lakini ukienda kuomba kazi unaulizwa cheti. Mimi cheti changu ni hivi vidole, na kimoja kimeshakatwa nusu na msumeno.

Sasa kwa wageni nieleze neno moja, maana bila hilo hamtanielewa. TEGESHA.

Mgodi ukitaka kupanua eneo, wanakuja wathamini, wanaangalia una nyumba gani, mazao gani, miti gani, unalipwa fidia unahama. Basi watu wakisikia mgodi unakuja upande fulani, wanawahi. Wanajenga nyumba za haraka na kupanda miche imebanana kama nywele. Siyo za kukaa, ni za kuhesabiwa. Hiyo ndiyo tegesha, unategesha kama mtu anayetega panya.

Nyumba ya tegesha ukiiona kwa mbali utasema ni nyumba. Ukisogea unakuta ni miti na udongo, nje imepakwa simenti nyembamba kama siagi ya mtu bahili, halafu chokaa. Ndani hakuna sakafu. Madirisha ni mabanzi yamegongelewa ukutani, nyuma yake hakuna hata tundu.

Mimi nilijua hayo kuliko mtu yeyote, maana milango yake nilikuwa natengeneza mimi.

Ilianza hivi. Kuna ndugu yangu anaitwa Matiko, mtoto wa baba mdogo. Huyu ndiye mhusika namba moja, mkariri jina lake. Matiko hakuwahi kuwa na kazi inayoeleweka. Leo yuko Sirari anawabebea watu mizigo kuvuka mpaka wa Kenya, kesho yuko kijiji cha Nyakunguru kwenye karasha anasaga mawe ya dhahabu, keshokutwa humuoni.

Siku hiyo akaingia karakana anahema.

"Kaka, una mabanzi?"

"Ya kuni au ya kazi?"

"Ya milango. Mingi. Usipige randa, usiweke bawaba wala kitasa. Iwe tu inaonekana mlango."

Nikacheka. "Mlango usiofunguka?"

"Nani afungue? Kaka, kule Nyakunguru watu wa vizibao vya kung'aa wameingia. Wana mitambo ya kupimia, wanapiga vigingi vya utepe mwekundu toka mtoni mpaka mlimani. Mgodi unakuja upande ule!"

Na kweli. Nilipopeleka mzigo wa kwanza niliviona vigingi kwa macho yangu, utepe mwekundu unapepea. Niliwaona na hao watu wa vizibao wakishuka kilimani. Na kijiji kizima kilikuwa kinajenga. Wanawake wanabeba maji ya kukandia udongo, wazee wanapanda migomba, vijana wameacha mashimo ya dhahabu wanagonga misumari. Sijawahi kuona watu wenye haraka namna ile.

Alikuwepo Msukuma mmoja mchimbaji, Masanja, huyu si mhusika, ni mwenzangu kwenye msiba. Masanja alikuwa amejenga chumba na pembeni ametengeneza kaburi. Ndiyo, kaburi. Maana alisikia kaburi nalo linalipiwa.

Mama Ghati tulikuwa naye siku hiyo. Akamuuliza, "Shemeji, pole. Nani huyo?"

"Babu yangu."

"Si jana tu ulikuwa unaongea naye kwenye simu, unamuuliza kama mbuzi amezaa?"

Masanja akakuna kichwa. "Shemeji, wathamini hawana namba ya babu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikikumbuka kile kicheko naumia.

Basi miezi ile kazi ilikuwa nzuri. Milango ya mabanzi inatoka kama maandazi. Kama ningebaki hapo, leo ningekuwa naandika uzi mwingine kabisa. Lakini Matiko hakuniacha. Kila akija kuchukua mzigo anatupa neno.

"Kaka, unawatengenezea wenzako utajiri."

"Kaka, fundi wa milango yote, wewe mlango wako uko wapi?"

"Wewe utabaki hapa unapumua vumbi la mbao mpaka ukohoe damu."

Hayo maneno yanaingia, wakuu. Mtu ambaye hajawahi kushika kitu kikubwa ukimwambia "tegesha mara moja tu utoke", hapati usingizi.

Mama Ghati alikataa. "Baba Ghati, hii randa ndiyo shamba letu." Nikamwambia yeye anaogopa maendeleo.

Nikauza karakana, kibanda na randa yake. Kiasi sitaji, mtanicheka.

Matiko akanipeleka kwa mhusika namba mbili, mzee Nyamhanga. Huyu mzee alikuwa na shamba kubwa katikati ya vigingi, analikata vipande kama keki anauzia watu.

"Shikamoo tata."

"Marahaba mura, kijana wangu. Umechelewa, lakini nimekuwekea kipande kizuri. Kigingi hicho hapo mlangoni kwako."

Na kweli kigingi kilikuwa mbele kabisa. Nikakiangalia kile kitepe nikaona nyumba ya matofali Tarime, Ghati anasoma bweni, mimi nina karakana ya ghorofa.

Nikajenga. Mlango wa mbele niliutengeneza wa kufunguka kidogo, maana Matiko alisema nyumba isiyo na mtu ndani haihesabiwi, lazima wathamini wakukute. Badala ya bawaba nikaweka vipande vya mpira wa tairi. Kwani ni nyumba ya kukaa? Ni ya kungojea tu.

Tukahamia. Chumba cha mjini tukakirudisha kwa mwenyewe, na mtoto wetu Ghati tukamuacha mjini kwa dada wa mama yake kwa sababu ya shule.

Hapo ndipo nilijua kungojea ni kazi ngumu kuliko kupasua mbao. Gari likinguruma natoka. Pikipiki ikipita natoka. Mbwa akibweka natoka. Nikienda Tarime kutafuta kibarua, nikifika tu naanza kuhangaika, je kama wamekuja leo? Narudi hata sijala. Nikifika najuta ningebaki mjini. Mwili uko huku, roho iko kule, mguu mmoja haukai.

Mvua zikaanza. Simenti ya nje ikabanduka vipande vipande. Udongo ukaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ule mlango wa tairi ukawa unalegea, upepo unausukuma, kuku wa jirani wanaingia na kutoka.

Mama Ghati akaniambia neno ambalo halijanitoka mpaka leo. "Fundi wa milango wa Tarime nzima. Mkeo anaufunga mlango kwa kuuegemeza jiwe."

Asubuhi akafunga sufuria zake akarudi mjini kwa dada yake, akaanza tena uji stendi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Siku ukipata nyumba ya kukaa, niite."

Nikabaki na Masanja na kaburi lake.

Halafu wakaja. Gari kubwa, watu wa vizibao, walewale! Kijiji kizima tulitoka mbio, kila mtu anakimbilia kusimama mlangoni kwake. Mimi nilichomekea hata shati.

Wakaanza kushusha NGUZO. Nguzo ndefu za umeme.

Nikamsogelea mmoja, kijana mstaarabu tu. "Samahani bosi, uthamini mnaanzia wapi?"

"Uthamini wa nini, mzee?"

"Wa fidia. Wa mgodi."

Akaniangalia, akaangalia zile nyumba, akanionea huruma. "Mzee wangu, sisi ni watu wa nguzo. Tulipita tunapima njia ya laini. Vigingi ni vya kuonyesha nguzo zikae wapi."

"Na mgodi?"

"Mgodi mimi siujui. Lakini mbona tulishasema? Tulikuwa na mpagazi wa hapahapa anatubebea vyombo, tulimweleza toka tunaanza, awaambie watu wasiwe na wasiwasi. Yule mrefu... Matiko."

Wakuu, nilikaa chini kwenye tope.

Matiko ALIJUA. Alikuwa anabeba ule mtambo begani, anajua ni wa nguzo, halafu jioni anapita nyumba kwa nyumba anasema mgodi. Kwa Nyamhanga alikuwa anapata chake kwa kila kipande kinachouzwa. Kwangu alikuwa anapata chake kwa kila mlango. Halafu na mimi mwenyewe, damu yake, akaniuza.

Nikaenda kwa mzee Nyamhanga nimewaka. Alikuwa amekaa anakula mahindi ya kuchoma. Hata hakusimama.

"Mura, ardhi unayo?"

"Ninayo."

"Nimeihamisha?"

"Hujaihamisha, lakini ulisema..."

"Mimi nilikuuzia ardhi. Sikukuuzia mgodi. Kaa hapo ulime."

Hebu niambieni ungemjibu nini huyo. Kipande chenyewe nyumba imekimaliza, ningelima juu ya bati?

Nikamfuata Matiko Sirari. Nilimkuta pale malori yanapokaa foleni, amevaa viatu vipya, anaongea na madereva Kiswahili cha Kenya utafikiri amezaliwa Isebania.

"Matiko, ulijua."

"Kaka, shusha sauti. Kila mtu alikuwa anajua."

"Nani alijua?"

"Wewe ulikuwa unatengeneza milango isiyofunguka. Ulifikiri ni ya nini, kanisa?"

Watu wakacheka. Nikainua mkono, madereva wakanishika. Akavuka upande wa pili wa mpaka anatembea taratibu, wala hakukimbia. Mpaka leo akiniona anapitia Kenya.

Nikamuuliza mwanasheria mmoja wa mjini, akasema Matiko nitamshtaki kwa lipi? Hakuniandikia chochote, hakuniuzia chochote. Maneno ya mdomoni tu. Kwa hiyo sheria imeshindwa, nimebaki na huu uzi. MATIKO NA NYAMHANGA, mmesomeka.

Nilikaa kwenye ile nyumba msimu mzima, sikuwa na pa kwenda. Nguzo iko mlangoni kwangu, waya unapita juu, ndani nawasha tochi ya simu. Kazi ya kwanza niliyofanya ni kuazima msumeno, nikatengeneza mlango wa kweli. Mbao zimepigwa randa ya mkono, bawaba tatu, komeo. Masanja alinicheka, mlango umekuwa mzuri kuliko nyumba.

Nikamuita Mama Ghati. Akaja, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akasema tu twende mjini, mlango tuungoe tuondoke nao. Uko kwenye chumba tulichopanga sasa, mwenye nyumba alikuwa na mlango wa bati lililotoboka. Ile nyumba Masanja anafugia mbuzi.

Sasa hivi nafanya kibarua kwenye karakana ya mtu. Randa yangu niliyouza naiona kwa fundi jirani ng'ambo ya barabara, mlio wake naujua hata nikiwa nimefumba macho.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki hii amekuja mama mmoja wa Sirari, anabadilisha hela mpakani. Anataka milango. Mingi.

"Ya mabanzi tu fundi, usijisumbue. Kuna watu wameonekana wanapima upande fulani, sitakwambia ni wapi."

Nikamwambia, "Nitakutengenezea, ila kila mlango naweka bawaba na komeo."

"Ya nini sasa? Hakuna mtu ataingia huko!"

"Utaingia wewe, mama."

Akaniangalia kama mwendawazimu. Akavuka barabara akaenda kwa yule jirani. Bosi wangu hajaongea na mimi toka juzi, na kibarua changu kipo njia panda. Mama Ghati amesema nimefanya vizuri, halafu akauliza kesho tunakula nini.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiona watu wa vizibao wamekuja kwenu, nenda kawaulize wao wenyewe wamekuja kufanya nini. Usimuulize anayewabebea mzigo.

Haya wakuu, semeni. Mngekuwa ninyi, na nyumbani hakuna unga, ile milango mngetengeneza? Mniambie ukweli, matusi pia napokea. Maana hapa ninapoandika nasikia randa yangu inalia ng'ambo, na nyundo zinagonga, na najua hakuna bawaba hata moja.