Karafuu Tatu na Uzi wa Asumini

Juzi mjukuu wangu karudi kutoka skuli ya maandalizi, huku kwetu Kiembe Samaki, na kijifuko cha shanga. Mwalimu wake kaagiza atunge kila jioni, kisha achore herufi kwa kidole juu ya mchanga. Vidole vikizoea kazi ndogo ndogo, alinieleza mwalimu huyo, penseli haivisumbui, na kusoma kunakuja wepesi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayempa mzee habari mpya. Nikamwambia ahsante, mwanangu. Sikumwambia kwamba somo hilo nililipata kwa bibi yangu, Mji Mkongwe, kabla mama yake yeye hajazaliwa.

Wewe utanielewa, hasa kama nawe uliwahi kulelewa katika nyumba kubwa yenye watu wawili tu. Mama aliondoka miezi michache baada ya Mapinduzi kumfuata baba, aliyekwishatangulia Mombasa. Mimi nilikuwa na surua, sikuweza kupanda meli, nikaachwa kwa bibi mzaa mama mpaka nipone. Nilipona, na hapana aliyekuja kunichukua. Watoto wa nyumba ya pili niliokuwa nikicheza nao walikuwa nao wameshaondoka na wazazi wao. Mlango wao ulitiwa kufuli, na paka wao akawa anakuja kulia kwetu. Nilimfahamu vizuri sana paka yule.

Siku ya kuondoka, mama alipiga magoti mlangoni mwa chumba cha bibi. "Nnakwenda, mama. Nipe radhi zako." Bibi hakutaka aende. Aligeuza uso ukutani, na radhi hakuzitoa. Mama akangoja, akangoja tena, kisha akainuka akashuka ngazi. Mimi niliyaona yote hayo kitandani nilipolala na homa yangu, ila sikujua nilichokiona.

Bibi alikuwa akitunga asumini za maharusi na vikuba vya kuuza, vile vishada vya maua wanavyojipambia wanawake. Mchana zililetwa zikiwa bado zimefumba, na nyumba nzima ikanukia. Alinikalisha mkekani, akanipa sindano na uzi. Mwanzoni niliziharibu vibaya. Asumini haipendi kubanwa. Ukiibana inageuka rangi ya chai, na hapana harusi inayotaka ua la rangi ya chai.

"Usilikabe, si mwizi huyo," alikuwa akiniambia. "Vidole viwili vinatosha. Hivyo hivyo."

Uzi ukishajaa, kabla ya kuufunga, aliulaza juu ya mkeka na kuupinda. Ukiwa umenyooka ni alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu. Ukikunjwa kama sahani ni be, na hapo nilichota karafuu moja kikombeni nikaiweka chini yake, ndiyo nukta. Mbili juu, te. Tatu, the. Karafuu ni kitu kidogo, inateleza, inataka kushikwa kwa ncha za vidole, na mimi nilishinda nikizishika. Nilisoma herufi zangu zote kwa pua kabla sijazijua kwa macho. Mwalimu wa chuoni, tulikosomea Kurani, aliponipa kalamu kwa mara ya kwanza, aliniuliza nani kanifunza kuishika. Nikamwambia sijawahi kushika kalamu.

Hata bibi hakuwa amewahi. Enzi zake mtoto wa kike alifunzwa kusoma Msahafu, lakini kuandika hakufunzwa, wazazi wakihofu ataandikiana na wanaume. Mama naye alilelewa hivyo hivyo, herufi zake akizisoma kwa karafuu za bibi kama mimi. Kwa hiyo habari zetu na Mombasa zilipita mkononi mwa jirani, karani wa bandarini Malindi, hii ya hapa Unguja, mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na kizibo. Alikaa barazani akiandika, kisha akaisoma barua kwa sauti ili bibi aikubali, na wapita njia nao wakaikubali. Bibi angesema nini mbele ya umma ule? "Mwandikie hatujambo. Mtoto hajambo. Mvua imenyesha." Barua zote zilikuwa hivyo. Za kutoka kwa mama nazo, kwa mkono wa karani wa huko, zilikuwa za mvua na salamu.

Mimi niliamini kwamba nikijua kuandika, nitamwita mama, naye atakuja. Nilitunga kwa bidii hiyo. Nilikuwa nikilala nimekunja vidole, navihesabia herufi, nikimsikia bibi upande wa pili akivuta uradi wake kwa tasbihi.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, alifunga mlango wa ngazi, akanipa karatasi na kalamu. Akalaza uzi mkekani, akaukatakata kwa mkasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapinda herufi tatu. Karafuu moja juu ya ile ya kati, mbili chini ya ile ya mwisho.

"Soma."

"Radhi."

"Andika. Neno hilo tu."

"Na kwamba mama aje, bibi? Niandike aje kunichukua?"

"Andika ulichokiona."

Nikaandika. Alibusu karatasi, akaikunja, akaenda posta mwenyewe na buibui lake kuandikiwa anwani, bila ya jirani.

Jibu lilichelewa. Lilipofika alilileta jirani, akakaa barazani tayari kusoma. Hapakuwa na la kusoma. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tupu iliyokunjwa, na karafuu tatu. Jirani alicheka hata machozi yakamtoka. "Bi Mkubwa, mwanao kakutumia karafuu Unguja!" Bibi akacheka naye, akamkaribisha kahawa, akamsindikiza. Kisha akapanda juu, akaziweka mkekani kama nukta za siku ile, moja juu, mbili chini, na katikati hapana asumini hata moja. Hakuniambia nisome. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na jioni nilimsikia akiimba jikoni.

"Mama anakuja lini?" nilimuuliza.

"Kula, mwanangu."

Mama hakuja. Alifia huko huko, na bibi alikuwa ameshatangulia. Nyumba yetu upande mmoja umeanguka. Jirani simjui alikoishia. Vijana siku hizi wanavaa maua ya plastiki, hayageuki rangi.

Mama na bibi siwalaumu. Walipatana, na waliopatanishwa kwa mkono wangu wamelala salama. Lakini nitakwambia wewe, maana sijamwambia mtu: radhi ile ilipita vidoleni mwangu kwenda, ikapita kurudi, na mimi niliyeachwa kitandani na surua hapana aliyeniomba yangu.

Jana mjukuu wangu alimaliza kutunga shanga zake, akaulaza uzi sakafuni, ukajikunja wenyewe kama sahani. Nikaenda jikoni nikamletea karafuu moja.

"Iweke chini yake," nikamwambia. "Polepole. Vidole viwili vinatosha."