Maji Ndani ya Miwani

Nilianguka na bodaboda Kakuma, goti likavunjika. Plasta ilipotolewa Lodwar, likakataa kukunjika. Daktari wa viungo, kijana aliyetoka kusini, "Kenya" kama tunavyosema huku Turkana, akaniambia, "Mama, siku utakayochuchumaa na kuinuka bila kushikwa, nenda ukamchukue mtoto."

Mtoto wangu, wa mwaka na nusu, alikuwa Kakuma kwa mama mkwe. Kwenye simu nilimsikia akimwita bibi yake "mama." Mama mkwe akacheka. Mimi sikucheka.

Halafu nikaona faili yangu mezani. Daktari ameandika kwa Kizungu kwamba sina bidii. Alidhani sijui kusoma. Nimemaliza fomu foo, mimi.

"Goti lako limewahi kuvunjika?" nikamwuliza.

"Punguza hasira, mama. Leo kuna kitu kipya."

Akanivisha miwani nyeusi yenye sinema ndani, kubwa kama ya mchomeleaji vyuma. Papo hapo nikajikuta nimekaa mahali pengine kabisa: mchanga chini, kingo huku na huku, miti juu.

"Sukuma mguu polepole," sauti yake ikasema. "Unasikia maji? Yatakutuliza."

Niliyasikia. Yalikuwa yanakuja nyuma ya kona, na mimi nimekaa katikati ya lagga, mto wa msimu. Mtu wa huku hangoji kuelezwa. Mto mkavu ukinguruma, mvua imenyesha milimani, na wewe unatoka. Nikatoka. Nikapiga kiti teke, nikapanda ukingo, nikashika mti kwa nguvu zote.

Ukingo ulikuwa kitanda cha wagonjwa. Mti ulikuwa daktari.

"Mama, hayo ni maji ya kutuliza," akasema, shingo imebanwa.

"Ya kumtuliza nani?"

Kwenye benchi watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mzee mmoja wa Kaaleng akauliza, "Yameshapita?"

Daktari akaangalia goti. "Umepanda kwa mguu gani?"

"Sikuwa nachagua."

Lilivimba siku mbili, lakini sasa sote tulijua linakunjika. Kila nilipokwenda nilidai mafuriko yangu. Wiki ya tatu nikachuchumaa, nikainuka, nikasimama hapo hapo mpaka akafuta ile sentensi kwenye faili.

Kakuma, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake.

"Ejok," nikamsalimia, kama mgeni.

Nikachuchumaa mlangoni. Goti liliwaka moto. Mama mkwe akasema nikalie kiti. Nikakataa. Mtoto akachungulia, akaja taratibu, akabonyeza kovu la goti kwa kidole. Nikamweka mgongoni, nikainuka naye.